Je, Ni Halali Kumnunua Mtu ili Umkomboe?



Wapendwa vijana, wengi wetu kutoka parokia za Tanga tumewahi kwenda hija Bagamoyo na VIWAWA. Tunasali kwenye msalaba karibu na ufukwe, tunapita chini ya mbuyu mkubwa wa misheni, tunaingia makumbusho, tunapiga picha. Halafu wakati wa kurudi, ndani ya basi, mtu mmoja anauliza: "Frateli, wale mapadre si walinunua watumwa? Sasa kumnunua mtu si dhambi?"

Basi zima linanyamaza. Kisha mwingine anajibu haraka, "Walikuwa na nia njema." Jibu hilo ni zuri kwa moyo, ila halitoshi kwa akili. Mtume Paulo anakataa wazi wazo la kutenda uovu ili jema lije (Rum 3:8). Kama kununua binadamu ni uovu, nia njema haiugeuzi kuwa wema. Kwa hiyo swali la yule kijana ni la haki, na leo nataka tulikalie kidogo, kwa Maandiko, kwa historia ya Kanisa la mwanzo, na kwa ile falsafa kidogo tuliyosomeshwa kwa sadaka zenu.

1. Kilichotokea pwani yetu

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Zanzibar mwaka 1863, wakipokea misheni iliyoanzishwa miaka michache kabla na mapadre kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka kuja bara, Bagamoyo. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi, tena halali kwa sheria ya mahali. Misafara ilishuka kutoka bara ikiwa na pembe za ndovu na watu. Bagamoyo, Pangani, Kilwa, zote zilikuwa milango ya biashara hiyo.

Mapadre walienda sokoni wakatoa fedha, wakatoka na watoto. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Ulaya, kwa watoto wa Shirika la Utoto Mtakatifu lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa. Ndiyo, ni Utoto Mtakatifu huo huo ambao wadogo zetu wanauimbia na kuchangia parokiani mpaka leo. Wengine walioletwa misheni hawakununuliwa kabisa: waliokolewa baharini na meli za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa, wakakabidhiwa wamisionari.

Tuseme ukweli wote. Katika biashara ile hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Walikuwepo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, walikuwepo watemi wa bara waliouza mateka, walikuwepo wakopeshaji kutoka India, na walikuwepo Wakristo wa Ulaya. Réunion yenyewe, walikotoka wale mapadre wa kwanza, ilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa mpaka mwaka 1848. Na jirani zetu Waislamu, tunaoishi nao hapa Tanga kama ndugu, dini yao pia inahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo kubwa la thawabu. Kwa hiyo swali letu si "nani alikuwa mbaya." Swali ni hili: aliyetoa fedha sokoni alifanya nini hasa?

2. Maandiko yanasema nini

Agano la Kale linaweka adhabu ya kifo kwa anayeiba mtu na kumuuza (Kut 21:16). Agano Jipya linawataja wezi wa watu katika orodha moja na wauaji na waongo (1Tim 1:10). Hata hivyo Biblia haifuti utumwa kwa tangazo moja. Tusijidanganye wala tusiwadanganye wenzetu mitandaoni: Paulo aliishi katika dola iliyojaa watumwa, na hakuanzisha maandamano.

Alichofanya ni kuandika barua fupi kabisa, kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake, akakutana na Paulo kifungoni, akabatizwa. Paulo anamrudisha, lakini anamwambia Filemoni ampokee si tena kama mtumwa bali kama ndugu mpendwa, tena ampokee kama angempokea Paulo mwenyewe (Flm 1:16-17). Na kama kuna deni, anasema, liandikwe kwangu, mimi nitalipa (1:18-19).

Ona mambo mawili hapo. Kuna mtu anayejitolea kulipa. Na kuna jinsi ya kumpokea yule aliyelipiwa. Shikilia hayo mawili, tutayarudia.

3. Wakristo wa karne za kwanza

Mt. Klementi wa Roma, akiwaandikia Wakorintho karibu na mwaka 96, anakumbusha kwamba Wakristo wengi walijitia wenyewe utumwani ili kuwakomboa wengine. Hebu fikiria: hakuwa na fedha, akatoa mwili wake.

Miaka 150 hivi baadaye, huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, Mt. Sipriani alipata habari kwamba Wakristo wa Numidia wametekwa na wavamizi. Jimbo lake likachanga sesterse 100,000 na kuzituma. Akaambatanisha majina ya waliochangia ili waombewe, akasema yakitokea tena msisite kutuandikia. Sababu yake ilikuwa Mathayo 25: katika aliyefungwa, ni Kristo aliyefungwa.

Mt. Ambrosi, Askofu wa Milano, alivunja vyombo vitakatifu vya Kanisa na kuviyeyusha ili kulipia mateka. Walipomlaumu, akajibu kwa maana hii: Kanisa lina dhahabu ili liitumie kwa wenye shida, si ili liifungie sandukuni, na ni afadhali kumtunzia Bwana watu walio hai kuliko kumtunzia vyombo.

Lakini si wote waliosema kwa sauti moja. Mt. Inyasi wa Antiokia, akimwandikia Mt. Polikarpo, anaonya watumwa Wakristo wasitamani kukombolewa kwa mfuko wa jumuiya, wasije wakawa watumwa wa tamaa. Andiko hilo linatukera, na ni vizuri likitukera. Kanisa la mwanzo lilikuwa na watakatifu, nao walikuwa watu wa wakati wao. Kutoka katika Kanisa hilo hilo, aliyewahi kuwa mtumwa, Kalisto, akawa Papa karibu na mwaka 217.

Sauti iliyo wazi kuliko zote ni ya Mt. Gregori wa Nisa, karne ya nne. Akifafanua Kitabu cha Mhubiri, anafika mahali mwandishi anapojisifu kwamba alinunua watumwa, na hapo anasimama. Anamuuliza mnunuzi: umemlipia kiasi gani mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu? Ukitoa dunia nzima bado hujafikia bei, maana Mungu alimpa mwanadamu dunia nzima aitawale. Na Mungu mwenyewe, aliyetuita kwenye uhuru, hatutii tena utumwani. Basi nani mwingine anajipa mamlaka hayo?

Ukishamsikia Gregori, jambo moja linakuwa wazi: mtu hauziki. Hati inaweza kuandikwa, fedha zikahesabiwa, mashahidi wakasimama. Lakini hakuna kilichouzwa, maana muuzaji hakuwa na cha kuuza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1785, mwanafalsafa Immanuel Kant alilisema kwa namna yake: vitu vina bei, na chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine, mtu ana hadhi, na hadhi haina mbadala.

4. Kununua na kukomboa

Sasa turudi sokoni Zanzibar. Watu wawili wanasimama mbele ya mtoto mmoja. Mmoja ana shamba la karafuu, mwingine ni padre. Wote wanatoa fedha ile ile, kwa muuzaji yule yule. Kwa macho ni kitendo kimoja.

Mt. Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba kitendo cha kimaadili hakitambuliwi kwa mwendo wa mikono tu, bali kwa kile ambacho utashi unakichagua kukifanya. Daktari anayekata mguu na mhalifu anayekata mguu wote wana kisu, ila wamefanya vitendo viwili tofauti. Mwenye shamba anachagua kumiliki mtu. Padre anachagua kumwondoa mtu mikononi mwa mnyang'anyi. Wa kwanza amenunua, wa pili amekomboa.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Pale bandarini Tanga tunasema kugomboa mzigo. Unayekwenda kugomboa mzigo wako hununui mzigo. Ulikuwa wako tangu mwanzo, umeshikiliwa tu, na unalipa ili uachiwe. Tofauti yake na soko la Zanzibar ni kwamba bandari ina haki ya kudai ushuru, wakati mwuza watu hana haki yoyote. Yeye anafanana zaidi na wale maharamia wa Kisomali waliokuwa wakiteka meli katika bahari yetu hii na kudai fedha. Ndugu wa baharia akilipa, hakuna anayesema amemnunua baharia. Tunasema amenyang'anywa fedha na haramia, kwa sababu ya upendo.

Kwa hiyo hili si suala la kutenda uovu ili jema lije. Kitendo chenyewe ni kufungua.

Lakini kijana makini atauliza: "Sawa, ila fedha ile si ilimnogesha mwuzaji akalete wengine?" Hoja nzito. Ni kweli, mtu anayelipa fidia anamtia mtekaji tamaa. Ndiyo maana fidia peke yake haitoshi. Kukomboa mmoja mmoja huku soko liko wazi ni kuchota bahari kwa kata. Mt. Augustino alilijua hili. Katika barua yake moja ya uzeeni, iliyogunduliwa katika karne yetu iliyopita na kuchapishwa mwaka 1981, anamwambia rafiki yake Alipio kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanafika Hippo, mji wake wa bandari, na kusomba watu kwa meli. Wakati yeye hayupo, waamini wake wakawatoa watu kama 120. Augustino anafurahi, lakini haishii hapo: anataka sheria itumike kuwazuia wale wafanyabiashara. Na hata hapo anahofia, kwa sababu sheria yenyewe iliruhusu adhabu ya mijeledi yenye risasi ambayo ingeweza kuua. Hakutaka mwuza watu auawe kwa mijeledi. Alitaka aache.

Ndivyo ilivyo: mkono mmoja unamtoa mtu, mkono mwingine unafunga mlango. Kwetu mlango ulianza kufungwa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, chini ya shinikizo la Waingereza. Utumwa wenyewe katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu.

5. Msalaba: fidia alilipwa nani?

Hapa ndipo historia inagusa imani yetu yenyewe. Yesu anasema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi (Mk 10:45), na Paulo anatuambia tulinunuliwa kwa thamani, basi tusiwe watumwa wa wanadamu (1Kor 7:23). Mababa wa Kanisa wakajiuliza swali la sokoni kabisa: alilipwa nani? Origene, na hata Gregori wa Nisa, walielekea kusema alilipwa shetani, aliyekuwa ametushikilia. Mt. Gregori wa Nazianzo, rafiki wa Gregori wa Nisa, akashtuka: yaani mnyang'anyi apokee malipo, tena malipo yenyewe awe Mwana wa Mungu? Akalikataa wazo hilo.

Nadhani Nazianzo ana haki. Shetani hakuwahi kuwa na hati miliki juu yetu. Bei ya msalaba haikuthibitisha haki ya anayeshikilia. Ilionyesha upendo wa anayekomboa. Kristo hakusimama nje ya soko akituma hela. Alichukua hali ya mtumwa (Flp 2:7). Alifanya walichofanya wale Wakristo wa Klementi: hakutoa kitu, alijitoa.

6. Baada ya kulipa

Kuna binti wa Kiyao aitwaye Suema, ambaye habari zake zilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Alichukuliwa utumwani, akatembezwa mpaka pwani, mama yake akaishia njiani. Alipofika Zanzibar alikuwa amedhoofika kiasi kwamba mwenye mali aliona hauziki tena, akaamuru akazikwe angali hai. Kijana mmoja akasikia, akamfukua, akampeleka kwa masista, wakamuuguza.

Suema hakununuliwa. Sokoni bei yake ilikuwa sifuri. Na masista wakampokea vile vile. Hapo unaona kwamba kilichomfanya mtu awe huru misheni hakikuwa risiti. Ilikuwa namna ya kumpokea, yaani lile jambo la pili la barua kwa Filemoni.

Na kwa kipimo hicho hicho, Bagamoyo yenyewe inabidi ipimwe. Watoto walipata chakula, shule, useremala, uhunzi, kilimo, sakramenti. Wakubwa walioana na kupewa nyumba na shamba katika kijiji cha uhuru. Familia hizo zikawa mbegu ya misheni za bara: Mhonda mwaka 1877, baadaye Mandera, Morogoro, hadi Kilema kule Kilimanjaro. Imani ya babu na bibi zetu ilibebwa pia na watu waliowahi kuuzwa. Lakini waliishi kwa kengele kuanzia alfajiri hadi usiku, mapadre wakawaamulia kazi na makazi, na wapo waliotoroka. Mtu huru anatoroka nini? Swali hilo halifuti wema wa wale mapadre. Linatuonyesha kwamba mtu anaweza kulipa fidia yote na bado asimalize kukomboa.

7. Na nyumbani kwetu?

Vijana wa Tanga, tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Babu yangu alikuja hapa kutoka Songea kukata mkonge. Aliitwa manamba, na jina lenyewe linatokana na namba. Manamba hawakuwa watumwa, walikuwa na mkataba na kipande cha kazi. Lakini mtu akiitwa namba, kuna kitu amenyang'anywa.

Leo tazama stendi. Basi linashuka kutoka Lushoto, anashuka binti wa miaka kumi na nne na begi dogo. Anakuja kuwa dada wa kazi. Nyumbani kwao wameahidiwa kwamba baada ya mwaka atapelekwa kusomea cherehani. Analala jikoni, anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Mshahara "anatunziwa." Simu hana. Na siku akisema anataka kwenda kwao, anaambiwa, "Tumekutoa kijijini, tumekulisha, tumekuvisha, huna shukrani."

Sisemi kila nyumba iko hivyo. Zipo familia zinazomlea dada kama mwanao, anasoma, anaolewa kwa heshima. Lakini sikiliza ile sentensi: tumekutoa. Ni lugha ya mkombozi, inayotumiwa kama mnyororo. Wema uliomfanyia mtu haukupi hati juu yake. Tuna sheria ya mwaka 2008 inayozuia usafirishaji haramu wa binadamu, na Katekisimu (namba 2414) inakataza kumgeuza mtu kuwa kitu cha faida. Lakini mara nyingi wanaofanya hivi hawajioni kama wauza watu. Wanajiona wafadhili, tena ni wanajumuiya wenzetu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana wa kwenye basi ni hili: ndiyo, ilikuwa halali, kama kweli ilikuwa kukomboa. Na alama ya kwamba ilikuwa kukomboa haionekani sokoni. Inaonekana nyumbani, kwenye meza, kwenye mshahara, na kwenye mlango: je, yule uliyemsaidia anaweza kutoka nje na bado ukampenda?

Ya kutafakari wiki hii

– Soma barua kwa Filemoni yote, haizidi dakika tano. Onesimo wa nyumbani kwenu ni nani?
– Je, unalijua jina kamili la dada wa kazi wa kwenu, kijiji chake, siku yake ya kuzaliwa? Anapata nafasi ya kwenda Misa Dominika, au msikitini kama ni Mwislamu?
– Kuna mtu ambaye unamkumbusha kila mara wema uliomtendea?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyechukua hali ya mtumwa ili sisi tuitwe ndugu, utufundishe kusaidia bila kumiliki. Uwakumbuke wote waliopita sokoni Zanzibar na njia za Bagamoyo na Pangani, hata wale ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Utufungulie mikono yetu, ili tunaosema tumekombolewa tusimshikilie mtu. Mtakatifu Josefina Bakhita, uliyeuzwa na ukawa huru, utuombee. Amina.